Marahaba ya Nje ya Geti

Bibiana alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli ya watalii pale Mikumi, na kila ulipoingia mwezi wa Januari alisikia habari zile zile. Wazungu waliokimbia baridi ya kwao walilala pale usiku mmoja, wakaona tembo, kisha hao, baharini. Madereva wao walisema huko ndiko wanakokaa hasa. Moyo wa Bibiana ulikuwa ukiondoka nao.

Marehemu mama yake, Paulina, alizaliwa Bagamoyo. Kazi ya mkonge ilimleta Kilosa akiwa msichana, akaolewa, na Mungu akamchukua huko huko bila kurudi kwao. Alikuwa akipepeta mchele mara anasimamisha ungo, anasema, "Saa hizi maji yanajaa." Basi.

Mwaka wa sabini na nne Bibiana akachaguliwa mfanyakazi bora, akapelekwa hoteli ya pwani kupumzika juma zima. Alale kama mgeni, ale kama mgeni.

Bahari aliiona, akaingiza miguu, akaionja. Chumvi kweli! Lakini ufukweni walijaa Wazungu waliojipaka mafuta, wamejilaza juani kama dagaa walioanikwa, na hakuna aliyemwuliza hata habari za safari. Ulimi ukaanza kuwa mzito kwa kukosa wa kusema naye.

Asubuhi akaingia mtandika vitanda, mama mtu mzima aitwaye Mwamvua. Sauti yake, na ile lafudhi ya Kipwani, kama Paulina mtupu. Bibiana akapiga goti.

"Shikamoo mama!"

Mwamvua akageuka kutazama mlangoni. "Inuka! Unataka msimamizi anifukuze? Hapa anayenyenyekewa ni mgeni. Mimi nakwambia karibu ndugu mgeni, yameisha."

"Lakini mama, wewe ni mkubwa wangu."

"Ukubwa nimeuacha nyumbani. Na kitanda umeshatandika mwenyewe? Haya, mimi nifanye nini, nikuimbie?"

Wakacheka, ila marahaba hakuipata. Kwao Kilosa, mkubwa asipokuitikia ni kama amekukana. Jioni Bibiana alishika rozari yake, na hakuomba makubwa: aitikiwe tu, na sauti ile. Kila asubuhi akaamkia tena, kwa kunong'ona. Mwamvua akaendelea kukung'uta shuka.

Siku moja kazi za Mwamvua zilipokwisha, Bibiana akamfuata hadi nje ya geti. Mwamvua alikuwa ameshavua sare, amejitanda kanga. Akasimama.

"Wewe mtoto ni king'ang'anizi! Haya, hapa mimi si wa hoteli. Niamkie."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto wazima? Na mvua huko kwenu?"

Bibiana akaitikia moja moja, machozi yakimtiririka.

"Sasa unalia nini?"

"Mama yangu alikuwa wa Bagamoyo. Alisema kama wewe."

"Bagamoyo kwa nani? Wazee wake akina nani?"

Bibiana akatafuta jina la kutaja. Hakujua. Miaka yote ile alikaa na mama yake jikoni, na hakuwahi kuuliza.

Mwamvua akamtazama, akamshika mkono. "Twende kwangu ukale muhogo. Wazee wa huko nawajua wengi. Nitakutajia, wewe usikilize kama lipo jina ulilowahi kulisikia."

Kengele ya chakula cha wageni ikalia huko ndani. Bibiana hakugeuka. Alimfuata Mwamvua hatua moja nyuma, kama mtoto anavyomfuata mzazi, masikio ameyatega.