Lori Nililoishi Ndani Yake Nateete

Ipo siku moja ya msimu wa mvua, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Ni siku baba yangu alipofika Nateete, hapa Kampala, na mkoba wa nguo mkononi, akasimama mbele ya lori bovu nililokuwa nikilala ndani yake, akaniuliza nyumba yangu iko wapi.

Nakusimulia mimi baba yako mkubwa kwa sababu ya ulichoniambia juzi. Umesema umepata kontena kule Kamwokya, nyuma ya saluni, na mwenye saluni anakuachia bure mradi umlindie vitu vyake. Utakaa humo mpaka umalize chuo bila kuchukua mkopo wa masomo. Mama yako alilia. Mimi sikulia wala sikukusifu, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa namfikiria marehemu babu yako.

Nilikuja Kampala kutoka Bungoma miaka michache baada ya vita kwisha. Majumba mengine mjini yalikuwa bado na matundu ya risasi, lakini watu walishaanza kupaka rangi na kufungua maduka, na chuo kilikuwa kimeanza kupokea wanafunzi wa jioni wa kujilipia wenyewe. Kabla sijaondoka nyumbani nilimwona mjomba wangu akichukuliwa ng'ombe wake kwa sababu ya deni. Walipofungua zizi, yule mzee alijifunika koti usoni, mtu mzima, mbele ya watoto. Nikaapa palepale kwamba mimi sitadaiwa na mtu yeyote duniani.

Mchana nilibeba mizigo kwenye duka la vipuri, jioni nikaenda darasani. Jirani na duka palikuwa na gereji ya mzee mmoja Mganda. Watu walimwita Ssalongo, kama wanavyoitwa hapa wanaume waliozaa mapacha, na jina lake lingine sikuwahi kulijua. Uani kwake palikuwa na lori lisilo na injini, limeinuliwa juu ya magogo, nyuma limefunikwa turubai. Aliniambia nilale humo, nimlindie vyuma vyake, na kodi hataki.

Nilikaa humo miaka yote ya masomo. Nilikuwa na godoro, sigiri ya mkaa ya kupikia posho, ugali wa hapa, na kibatari cha kusomea. Nguo zangu zilinuka grisi hata zikitoka kuanuliwa, na darasani wenzangu walikuwa wakihama benchi nililokalia. Hayo sikuyajali, na nitakuwa mnafiki nikikwambia yaliniumiza sana. Kilichoharibika ni kichwa changu. Ile hofu ya deni ilianzia kwenye pesa, ikaenea polepole. Mke wa Ssalongo alikuwa akiniletea chai na muhogo wa kuchemsha, nami nikawa nakataa, maana niliona kikombe cha chai nacho kitanidai siku moja. Nikialikwa mahali siendi, nisije nikatakiwa kualika. Kufikia mwaka wa mwisho sikuwa na rafiki hata mmoja, na wakati huo nilijihesabu kuwa mwanaume kamili. Ujinga mtupu.

Ndipo baba akaja. Tumbo lilikuwa limemsumbua kwa muda mrefu, na daktari wa kwetu akamwambia aje apimwe hapa hospitali ya Mulago. Vipimo vilitaka aende na kurudi kwa siku kadhaa, hakuhitaji kulazwa, kwa hiyo alihitaji tu mahali pa kulala. Nyumbani nilikuwa nimewaambia kwamba nina pa kulala, na kweli nilikuwa napo.

Sasa wewe umezaliwa hapa mjini, haya huenda huyajui vizuri. Kwetu sisi Wabukusu, kijana akishatahiriwa hupewa kibanda chake, na baba yake halali humo. Hapandi kitanda cha mwanawe, hata awe mgonjwa, hata mvua inyeshe namna gani. Si dharau. Ndiyo heshima yenyewe baina ya mtu na mwanawe, na wazee wa rika la baba yangu walikuwa tayari kulala majanini kuliko kuivunja. Na lile lori langu lilikuwa chumba kimoja na godoro moja.

Nikamwambia, "Baba, wewe utalala ndani. Mimi nitatandika chini ya lori."

Alilitazama turubai, kisha akanitazama mimi. "Simiyu, hapo ni kwako. Mimi siwezi lala mahali unalala. Hata ukitoka, bado ni kwako."

"Basi nitakukodia chumba, baba."

"Na pesa ya mtihani?"

Ada isingekamilika, nisingeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho, na yeye alilijua hilo kama mimi. Akasema, "Hiyo usiguse."

Ssalongo alikuwa amesimama karibu akifuta mikono kwa kitambaa, na yote aliyasikia. Alikuja akamwamkia baba kwa adabu, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akanigeukia. "Wewe kijana, sikia. Mimi iko na nyumba. Kitanda ya wageni iko. Mzee atalala kwangu mpaka hospitali imalize yeye. Hakuna shida, ssebo, bwana."

Baba naye alinigeukia. Yeye alikuwa mgeni na mimi ndiye mwenyeji wake, hata kama mwenyeji mwenyewe anaishi kwenye lori, na hangeweza kupokea mlango wa mtu kabla mimi sijaupokea. Alikuwa anasubiri neno langu moja tu. Na mimi, kijana niliyezoea kukataa chai, nikasema, "Asante, Ssalongo. Tutajipanga."

Nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mwanangu. Hata sikufikiri.

Tukaenda Mulago. Baba alipata nafasi kwenye baraza la kanisa dogo ambako jamaa za wagonjwa walikuwa wakitandika mikeka, nikampa blanketi langu nikajiona nimefanya jambo. Mvua ilinyesha, ikawa haikatiki. Nilipokwenda tena kumwona nilimkuta amekaa na mkoba magotini, nguo zimelowa, anakohoa, na vipimo bado havijaisha. Aliniambia anarudi nyumbani kwanza. "Ukipata nyumba ya vyumba viwili nitakuja, wanimalizie hiyo kazi yao," akasema, na hakukuwa na lawama hata kidogo katika sauti yake. Ningefurahi kama angenilaumu. Nikampeleka kwenye basi, akakaa dirishani, akaniambia nisome kwa bidii.

Alifariki kabla matokeo yangu hayajatoka. Ugonjwa uliomuua sijui jina lake mpaka leo.

Niliporudi kutoka mazikoni nilikwenda gereji kutoa vitu vyangu. Ssalongo alinipa pole, akanishika mkono kwa muda mrefu, halafu akasema yaliyokuwa moyoni mwake. "Mimi nilitaka baba yako alale. Wewe ulikataa. Ulifikiri mimi nitakuja kudai wewe? Mimi hapana duka, kijana." Akarudi kwenye gia boksi aliyokuwa anafungua, nami nikafunga godoro langu nikaondoka.

Nilihitimu bila kudaiwa na mtu. Nilipopata kazi nilipanga vyumba viwili, na kile cha pili kilikaa miaka bila mtu wa kulala humo, nikawa sipendi hata kukifungua. Watu hunifariji kwamba ugonjwa ule ungemuua hata angelala kwenye kitanda cha mfalme. Huenda ni kweli. Huenda pia wangeujua mapema akatibiwa, akawaona ninyi mkizaliwa. Sitajua kamwe, na umri nilio nao sasa umenithibitishia kwamba jambo hili haliponi.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu. Kwenye kontena kaa. Mkopo ukiukataa sikulaumu, najua unavyoweza kumlemea kijana kabla hajapata hata kazi. Lakini yule mwenye saluni akikuletea chakula, kula. Jirani akikuazima mwavuli, chukua. Zoea kupokea mapema, katika vitu vidogo, maana siku ya mgonjwa ulimi hutamka kile ulichozoea kutamka, kama wangu ulivyotamka. Na leo hii mpigie baba yako simu huko nyumbani Bungoma umweleze unakoishi jinsi palivyo, bati kwa bati, na umwambie akija atalala kwa nani. Mtafute huyo mtu sasa, umwombe kwa mdomo wako. Usimwache mzazi asimame uani kwa watu akiuliza nyumba yako iko wapi.

Sina hakika kama utanisikia. Ssalongo angenieleza haya mwaka mmoja kabla, ningemwitikia kwa heshima nikaendelea na mambo yangu, na wazee wote wanaotoa nasaha walikuwa vijana wasiosikia.

Hata hivyo nenda, Mungu akulinde ndani ya hilo bati lako. Akuepushe na mkopo, ikiwa ndilo unalomwomba. Lakini watu wema akupe wengi, wakulishe, wakulaze, wakuuguzie wazazi, na siku utakayokufa uwe bado hujamaliza kuwalipa.