Akina Demetrio wa Xiaobei

Ngazi za nyumba ile ya Xiaobei zilinuka maganda ya machungwa. Mama mwenye nyumba aliyaanika kwenye kamba toka chini mpaka ghorofani kwetu, yakakauka mpaka yakawa meusi, kisha akayachemsha kuwa dawa ya kifua. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na Watanzania pale Guangzhou, Uchina, tulikuwa wachache. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimetolewa shule Mwanza kwa sababu mama, mjane, hakuwa na wa kumwachia. Shuleni sikurudi sana baada ya hapo, kwa hiyo mkiniona nazunguka, nivumilieni. Mama alinunua mikoba ya kupeleka kuuza nyumbani. Chumba cha pili alikaa mzee wa Bukoba, mnunuzi wa redio, jina lake Demetrio. Na mimi ni Demetrio. Basi akawa somo wangu, na kwetu somo si mtu wa kupita hivi hivi: mwenye jina lako ni wewe mwenyewe, na mama yako ni mama yake. Mzee wa watu, kichwa cheupe pepe, kila asubuhi anagonga na bakuli mkononi: "Mama, mwanao nina njaa." Mama, ambaye angeweza kuwa binti yake, anamjibu kwa ukali wa kuigiza, "Mwanangu, umenawa?" Siku zetu zilianza kwa kicheko hicho.

Yeye alikuwa Mworthodoksi. Bukoba wapo, na dini yao ina mizizi Ugiriki, ndiyo maana alizijua habari za akina Demetrio wote. Jioni alinisimulia. Yupo mfua fedha wa Efeso, aliyetengeneza vihekalu vya mungu wa kike. Alipoona mahubiri ya Paulo yanamharibia biashara, akawachochea mafundi wenzake mpaka mji mzima ukachafuka. Yupo mwingine, ndani ya barua fupi ya Yohana, anayetajwa mara moja tu, kwamba watu wote wanamshuhudia mema. Yupo wa Thesalonike, aliyeuawa kwa mkuki kwa ajili ya imani. Na yupo wa Aleksandria, mkulima asiyejua kusoma, aliyempelekea askofu mgonjwa zabibu zisizo za msimu, akaachiwa kiti chake cha uaskofu. Huyo wa zabibu nilimpenda kuliko wote. Wa fedha nilisema simtaki.

"Somo, ukoo haukatwi hivyo," mzee akasema. "Naye tumbebe. Alikuwa mtu wa biashara, kama mama yetu."

Mama akamrushia kandambili.

Ikaja Januari. Baridi ya Guangzhou ina unyevu, inaingia mpaka ndani ya godoro, nami kifua kikanibana. Wiki hiyohiyo mzee alikuwa anarudi nyumbani, kwa treni mpaka Hong Kong, halafu ndege. Binti yake Anastazia alikuwa anaolewa, na ni yeye baba wa kumtoa mlangoni. Siku ya safari mama alilazimika kwenda Shiling, kwenye viwanda vya nje ya mji, kuchukua mikoba yake kabla kontena halijafungwa. Aliahidi kurudi adhuhuri, mapema kabla ya treni; mzee akiikosa hiyo, ndege na harusi zimempita. Mzee akasema nenda, nitakaa naye. Nilipitiwa na usingizi nikiwa na homa. Nilipoamka homa imeshuka, nje giza linaingia, na somo wangu ameketi kitandani amevaa suti, sanduku miguuni.

Ndipo mama akaingia, mikono imejaa. Alipoliona sanduku akasimama palepale. Akaeleza, maneno yakigongana, kwamba alipita kiwanda kimoja zaidi, bei ya bizimu, vile vifungo vya mikoba, ilikuwa nzuri, basi likamwacha. Akauliza kwa nini hakuniacha na mama mwenye nyumba, si alikuwepo chini?

"Alijitolea," mzee akasema. "Lakini mimi ni mgonjwa, nitajiachaje?"

Asubuhi aligonga kama kawaida. "Mama, mwanao nina njaa." Mama akampakulia, akampa bakuli kwa mikono miwili, macho chini. "Karibu, Mzee Demetrio." Mzee akalitazama lile bakuli. Tangu siku hiyo mama hakumwita tena mwanangu, na mimi, niliyekuwa nimelala tu, nilishindwa kula.

Sasa mvi za kwanza zimenifikia na mimi. Leo Xiaobei kuna maduka yetu kila upande, na mama angepiga simu kutoka Shiling, na mzee angeiona harusi kwenye kioo cha kiganjani. Siku hizi nikikutana huko na Demetrio mwenzangu, tunapeana namba tu, kila mtu anaendelea na zake. Tumepata wepesi mwingi. Lakini sijui nani leo angeiacha treni hiyo.

Mzee alifariki nikiwa bado kijana. Mama pia ametangulia, na Bukoba hakuwahi kuthubutu kwenda. Mwaka juzi nilikwenda mimi. Anastazia, mama mtu mzima kunishinda, aliniuliza jina mlangoni. Nilipolitaja, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia marahaba. Nikaanza kumweleza habari ya treni, akanizuia kwa mkono, alishasimuliwa yote.

"Umechelewa sana, baba," akasema. "Lakini ingia."