Nilivunjika Mguu Nikiota Moto

Kuna watu wanaumia wakimtoa mtoto kwenye nyumba inayoungua. Mimi niliumia nikiota moto. Hadithi yenyewe haina heshima, na nimeisimulia mpaka imenichosha, ila watu wakiniona ninavyotembea lazima waulize. Basi.

Ilikuwa Makambako, kwenye kiwanda cha mbao, miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa. Tulilala wafanyakazi wa serikali, tukaamka wafanyakazi wa mwekezaji. Mwekezaji mwenyewe hatukumwona. Tuliona vitu vinaondoka tu: ikaondoka chai ya saa nne, ikafuata sabuni, zikafuata glavu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea mbao zikitoka upande wa pili wa msumeno. Shule niliiacha kidato cha pili, katikati ya muhula, kwa hiyo mambo mengi nayajua nusu. Ukiniuliza swali la Kiingereza, swali nalielewa vizuri kabisa. Jibu ndilo sina.

Sasa baridi ya kwetu mwezi wa saba, asiyeijua nimweleze nini? Unakuta sakitu, umande ulioganda, imelala juu ya magogo nyeupe kama chumvi. Upepo wa Makambako nao hauzunguki mtu, unampita katikati. Vidole vinakuwa kama umeazima kwa jirani, unaviona lakini huvisikii. Msimamizi wetu aliijua hatari hiyo kuliko sisi sote. Alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mhamiaji kutoka Kigoma, mkali, maneno machache. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye msumeno asubuhi moja ya baridi, kabla mimi sijaajiriwa. Mwenyewe alituambia hakusikia kitu chochote, aliona tu kofia ya mwenzake imerukiwa na damu, akamwambia, "Wewe, umekatika!" Kumbe ni yeye.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, tulikuwa na pipa lililokatwa nusu, tunatia mabanzi na unga wa mbao, tunazunguka. Msimamizi anapita mmoja mmoja. Anakushika kidole, anakibana kwa kucha, hasa.

"Unasikia?"

"Nasikia, mzee!"

"Nenda kazini."

Ukikaa kimya anakurudisha motoni. Wavivu walijifunza kunyamaza hata akibana mpaka machozi yanawatoka. Mimi nilikuwa bingwa wa kunyamaza.

Siku hiyo nilikuwa nimenyamaza mara mbili, nimesogea motoni zamu ya tatu, nimeupa mgongo mlima wa magogo. Usiku kucha kulikuwa na manyunyu, ardhi imelainika chini ya zile kabari za mti zinazozuia magogo. Nilisikia wenzangu wanapiga kelele, nikadhani wanacheka. Gogo likaja polepole, bila haraka yoyote, likapanda juu ya mguu wangu wa kushoto, likakaa.

Hospitali walinifunga plasta mpaka pajani. Mke wangu alikuja kutoka kijijini kwetu Yakobi, akanitazama, akauliza ilikuwaje. Nikamweleza.

"Sasa, baba watoto," akasema, "hata kushika ubao kidogo tu, ulishindwa?"

Alikuwa na hoja. Maana karani wa utumishi alishafika kitandani kwangu na faili lake. Kijana msafi, viatu vinang'aa kwenye matope yale, sijui alikuwa anapita wapi. Alinieleza kwa upole kwamba ajali kazini ni ile inayotokea wakati wa kazi na kutokana na kazi.

"Na mashine ilikuwa haijawashwa," akasema. "Wewe ulikuwa unaota moto. Ile ni starehe, kaka."

Starehe! Nimevaa masweta matatu, makamasi yananichuruzika, nimezungukwa na wanaume wanaonuka moshi. Kama ile ni starehe, mimi sijui shida inafananaje.

Lakini neno lenyewe ndilo lilikuwa limeshika maisha yangu. Ikiitwa ajali kazini, kiwanda kinalipa matibabu, kinatoa fidia, na nikipona wananitafutia kazi nyepesi. Isipoitwa hivyo, mimi ni kibarua aliyeugua tu, na getini kila asubuhi walisimama vijana wenye miguu miwili mizima. Shamba la Yakobi limelala kwenye mteremko. Kwa mguu ule hata kulifikia nisingeweza.

Mke wangu alitaka niseme nilikuwa nimebeba ubao. Nilifikiri sana. Tatizo ni kwamba watu wote wa kiwanda walijua, na nusu yao walikuwa wameshaenda kusimulia stendi.

Nikapeleka malalamiko kwa afisa kazi, shauri likapangwa kusikilizwa ofisini kwake Njombe, enzi hizo bado ni wilaya tu. Karani na msimamizi walikwenda kwa gari la kiwanda. Mimi nilikwenda na magongo yangu juu ya lori la viazi, mguu nimeulaza kwenye gunia kama mgonjwa wa pili. Msimamizi alikuwa shahidi wa mwajiri. Tulipokutana nje ya ofisi nikamsalimia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia "Marahaba" huku anatazama bati. Sikumlaumu. Na yeye alikuwa na watoto, na mwekezaji alishapunguza wazee wawili wa rika lake.

Afisa kazi alikuwa mtu wa Tanga, kahamishiwa kwetu mwezi mbaya. Amevaa koti juu ya koti, shingoni taulo, chini ya meza jiko la mkaa. Kila akisema, mdomo unatoa mvuke. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini gogo liliponifikia.

"Nilikuwa naota moto, mheshimiwa."

Karani akatabasamu kwenye faili.

Akaulizwa msimamizi. Akasimama, akaficha ule mkono nyuma. "Walikuwa hawajaanza kazi," akasema, kama mtoto anayesoma ubaoni. Nikahisi plasta imekuwa nzito. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini mke wangu, na kama lori la viazi linarudi na abiria.

Afisa akachukua kalamu aandike. Kalamu ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. "Hebu ngojeni," akasema, "vidole vimekufa. Mnaishije huku ninyi?" Akalivuta jiko, akanyoosha mikono juu yake. Tukakaa tunamtazama.

Akainyanyua tena kalamu. Hapo msimamizi, ambaye alikuwa bado amesimama karibu ya meza, akanyoosha mkono, akamshika afisa kidole cha shahada, akakibana kwa kucha.

"Unasikia?"

Naapa hakukusudia. Mkono wenyewe ulikwenda, kama alivyofanya asubuhi zote za miaka yote ile. Afisa alishangaa mpaka akajibu kama mmoja wetu.

"Sisikii."

"Basi rudi motoni. Bado hufai kazi."

Halafu msimamizi akagundua yuko wapi. Akaachia kidole cha watu, akarudi hatua moja. Karani alikuwa ameacha kutabasamu.

Afisa alikitazama kile kidole, kina alama ya ukucha. "Huwa unawafanyia hivi, mzee?"

Msimamizi akamtazama karani kwanza.

"Kila siku," akasema. "Asiyesikia hashiki ubao."

"Ni amri yako?"

"Yangu."

"Na akishika bila kuota?"

Msimamizi akautoa ule mkono nyuma, akauweka juu ya meza, vidole vitatu. Karani akakohoa, akasema mheshimiwa, mashine ilikuwa haijawashwa. Afisa akamwambia nyamaza kwanza, naandika.

Ikaandikwa ajali kazini. Daktari naye akaandika ulemavu wa kudumu wa sehemu. Mke wangu nilipomsomea aliuliza, "Wa sehemu gani? Mbona kichwa hawakupima?" Fidia ilikuja imechelewa na imechoka kama mimi. Tulipiga bati chumba kimoja, ikaisha.

Niliporudi kiwandani na fimbo yangu, nikakuta pipa halipo. Getini pana tangazo: marufuku kuota moto eneo la kazi. Mwekezaji alikuwa amefikiri vizuri kabisa. Kama moto ni kazi, basi anayeungua au kuvunjika pale ni mzigo wake; kwa hiyo moto usiwepo. Wenzangu walinipokea wamekunja mikono kwapani.

"Karibu, mwanasheria," mmoja akaniambia, meno yanagongana. "Tunakushukuru sana."

"Umeshinda mguu wako, umeuza vidole vyetu," akadakia mwingine.

Msimamizi yeye hakunisema. Walikuwa wamempa onyo, na mshahara wake haukupanda tena mpaka anaondoka.

Na kazi nyepesi niliyopewa, iliyochaguliwa na karani mwenyewe: kuzunguka kiwanda kila asubuhi kuhakikisha hakuna aliyewasha moto.

Siku ya kwanza nilizunguka. Nyuma ya lundo la mabanzi, upande usioonekana kutoka ofisini, nikaona moshi mwembamba. Nikaenda, fimbo inagonga chini, ko, ko, ko, mtu yeyote angenisikia kutoka barabarani. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamezunguka debe bovu la kupikia gundi, na msimamizi anapita mmoja mmoja.

Akafika kwangu. Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Akanishika kidole, akabana kwa kucha, machozi yakanitoka.

"Unasikia?"

"Sisikii, mzee," nikasema.

Wakasogea, wakaniachia nafasi motoni.