Ngoma Mbili za Gogo Moja

Gakiza, mchonga ngoma wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alichonga ngoma mbili kutoka gogo moja: moja yake, nyingine ya mdogo wake Evariste. Alizikaza ngozi mpaka zikatoa sauti moja, na tangu hapo ukipiga hii, ile inanguruma yenyewe pembeni bila kuguswa. Si uchawi. Mtikisiko hupita hewani ukigonga kila kitu, lakini huamsha kile tu kilichokazwa sawa na kule ulikotoka.

Evariste alifariki. Mjane wake, Fidès, akahamia mtaa wa Area 23, Lilongwe, na ngoma ile. Mwaka mzima Gakiza alipiga yake kanisani, watu wakicheza, yeye akiona kama anapiga ukuta. Mwishowe akaibeba mpaka Lilongwe, amsikie mdogo wake akiitika walau mara moja.

Barazani kwa Fidès aliziweka karibu, akapiga, akatuliza kiganja juu ya ngozi ya pili. Haikutikisika. Akapiga tena, mpaka vikombe vya ndani vikalia. Ngozi ilikuwa nzito, imelowa mafuta, imelegea kama shavu la mzee. Alipojaribu kuikaza, ikaanza kuchanika.

“Mi naipakaa mafuta kila Jumapili, isipasuke,” Fidès alisema taratibu. “Hii njo kitu yake moja tu iliyobakia. Imeitika, shemeji?”

Gakiza alirudisha kiganja juu ya ngozi.

“Imeitika.”

Fidès alijifuta macho, akaingia ndani kuchukua mafuta.