Kikao cha mtandaoni na sato wa Mama Nyangeta

Leo nimekula sato wa mtu, na mwenye sato mimi ndiye niliyemfanya asije.

Iko hivi. Nilimshauri bosi vikao vya kila mwezi vifanyike mtandaoni, tuokoe nauli za watu wa Bunda na Butiama kuja huku mjini. Leo ndiyo tumeanza. Bosi kanisifia mbele ya wote. Kichwa kikavimba, siwafichi.

Kikao kimeisha, Nyangeta wa ofisi ya Butiama kabaki hewani.

"Kaka, si unakaaga Buhare? Pitia kwa mama hapo hapo umwambie leo siji. Simu yake haipatikani."

Kumbe kila akija kikao alikuwaga anapita kwa mama yake. Mimi hata sikuwahi kuuliza.

Nimefika. Mama wa watu kakaa mlangoni, kavaa kitenge cha kutokea, sufuria la samaki limefunikwa pembeni.

"Kikao kimeahirishwa?"

"Hapana mama, kimefanyika."

"Sasa mwanangu yuko wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya kubana matumizi. Jamani, mwenyewe nilijiona naongea upuuzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaleta maji ya kunawa.

"Basi kula wewe. Nilimpikia yeye."

Chakula cha mama hukikatai. Nimekula nikiangalia chini.

Akanisindikiza mpaka njiani, ndipo akauliza:

"Huyo aliyeleta hivyo vikao vya kwenye simu, yeye mama yake anamwonaga lini?"

Nikamuaga, nikashika njia ya nyumbani.

Mama yangu naishi naye nyumba moja.