Sheria ya Sibari Mtaani Sidab

Bakhita binti Harub alikuwa mpishi, na asiyelijua hilo basi hakuwahi kupita Sidab. Mwaka wa sitini na nne yeye, mumewe Thani na binti yao walitoka Unguja na nguo za mwilini tu, wakaja Maskati, mtaa huo wa Sidab, kuanza upya. Siku moja sukari ilipoadimika, akatia asali ya tende katika mkate wa kumimina na kuzidisha iliki. Mashallah! Harufu ikawatoa watu majumbani. Wiki haijesha, jirani yake Shaikha naye kaupika.

Bakhita akavimba. "Mkate huu ndio jina langu hapa. Wakininyang'anya, nnabaki nani?"

Thani, mpenzi wa habari za kale tangu skuli, akacheka. Akamhadithia mji wa Sibari, uliojengwa na Wagiriki waliovuka bahari wakahamia pwani ya Italia. Watu wa raha wale! Husemwa hata jogoo walimpiga marufuku asije akawaamsha. Na mpishi akibuni chakula kipya, basi kukipika ni haki yake peke yake mwaka mzima.

"Basi na Sidab ni Sibari!" akasema Bakhita, akajitanda kanga, akenda kuitangaza sheria hiyo mlango kwa mlango. Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini wakakubali. Hata Shaikha alikubali, ingawa midomo aliibetua.

Haukupita muda, binti wa Bakhita, Sayyida, akaposwa. Hapo mambo yakawa mambo. Mama wa bibi harusi haingii jikoni siku ya harusi. Akionekana na mwiko, watu husema maskini, hana watu. Na mkate ule, ambao wageni wangeuulizia, hakuna mwengine aliyeruhusiwa kuupika. Mtu kajifungia mlango mwenyewe! Bakhita akakosa raha. Wao wageni wa juzi, kweli walikuwa na watu?

Asubuhi ya harusi akaimeza fahari yake, akenda kwa Shaikha. "Mwenzangu, sheria nimeifuta. Nisitiri."

"Umechelewa, bibi wee!" Uani kwake wanawake wa mtaa walikuwa wameshika kazi, makaa yamewaka chini na juu ya masufuria. "Tumeivunja tangu alfajiri. Haya, tupeleke sote gereza la Jalali tukafungwe!"

Bakhita akacheka huku machozi yanamtoka. Furaha ilimjaa hata asijue aishike wapi.

Mchana wageni wakala, wakajilamba vidole. Bibi mmoja akamuuliza Shaikha kama mkate ule ni wake.

"Wangu?" Shaikha akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia. "Mimi nimeupika tu. Huu mkate wa Bakhita."