Yakisoba Jikoni kwa Mama

Baba yangu alikuwa mpishi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sisi watoto wake hatukuwahi kula hata yai alilokaanga yeye. Aliwapikia wahandisi wa Kijapani waliokuwa wakijenga barabara, akihama na kambi yao, na kambi ya mwisho ilikuwa upande wa Mtito Andei. Akija likizo nyumbani kwetu Kanyangi, alikaa nje na redio yake akisubiri chai kama mwanamume mwingine yeyote. Ikichelewa, alikohoa. Nilipokuwa msichana kikohozi hicho kilinikera kweli. Mtu anasifiwa na wageni kwa mapishi yake, halafu kwake hajui hata chumvi inakaa wapi!

Lakini nisimwonee. Mama naye asingemruhusu. Jiko lilikuwa lake tangu aolewe, kijumba cha matofali nyuma ya nyumba kubwa, na mwanamume aliyechungulia mlangoni aliulizwa amepoteza nini. Akina mama wa kanisani, alisema, wangemcheka mwaka mzima wakisikia mumewe ameshika mwiko. Kwa hiyo baba alistaafu, akarudi nyumbani na karai moja kubwa alilopewa kambini, na karai hilo likawa la kuogeshea wajukuu.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu. Maneno yalirudi baada ya wiki chache, pamoja na makali yake yote. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Sultan Hamud, nikachukua likizo nikaenda kumtunza. Dawa alimeza bila shida. Shida ilikuwa chakula. Uji alikunywa vijiko viwili akafunga mdomo. Nilimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nikauchemsha mpaka ukawa laini kabisa, nikampikia supu ya kuku, nikamkaangia mayai. Alisukuma sahani. Alikuwa anapungua mbele ya macho yangu, na niliogopa kwamba tutamzika kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula.

Asubuhi moja niliamka nikasikia harufu nisiyoijua ikitoka jikoni. Nilimkuta baba amekunja mikono ya shati, karai liko juu ya moto, linafuka moshi. Alikuwa amechemsha spageti kwa magadi kidogo, kama tunavyotia kwenye maharagwe, ili zivutike kama tambi za Wajapani. Kabichi alishaikata nyembamba, karoti pia, na hoho, na nyama ya kuku ya jana. Katika kikombe alikuwa amechanganya sosi nyeusi ya soya aliyoagiza kutoka mjini Wote, tomato sosi, siki na sukari. Alitupa vitu ndani ya karai kimoja baada ya kingine, akigeuza kwa miiko miwili, na mikono yake haikusita hata mara moja.

"Hii ni yakisoba," aliniambia bila kugeuka. "Bosi wetu alikuwa anataka asubuhi, kabla ya kuenda kazi. Mchana walikuwa wanakula mkate tu, huko huko kwa barabara."

Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Niliwaonea wivu wale wahandisi, watu wazima nisiowajua, kwa asubuhi zote hizo.

Alimpelekea mama sahani kitandani. Mama aliitazama, akamtazama yeye, machozi yakaanza kumtoka.

"Nikiwa mzima hukunipikia," alisema. "Sasa nimekufa?"

"Kula kidogo tu, mama watoto."

"Toa hiyo. Unanipikia kama mgeni, hapa kwangu?"

Baba alibaki amesimama na sahani mkononi. Sahani hiyo niliila mimi, nyuma ya nyumba, nikilia kwa hasira juu yao wote wawili. Ilikuwa tamu sana.

Kesho yake baba hakupika. Alikuja na kiti cha plastiki, akaniambia nishike upande mmoja, tukambeba mama mpaka jikoni kwake. Akamwekea stuli mbele, na juu ya stuli ubao, kabichi na kisu.

"Mimi nikikaanga sikati," alisema. "Huko kambini nilikuwa na mtu wa kukata."

Nadhani alidanganya. Mama alikishika kisu kwa mkono wa kushoto, akakijaribu kwa kidole gumba, akasema hakina makali. Baba akakinoa. Halafu akaishikilia kabichi, vidole vyake mbele ya kisu cha mwanamke ambaye hajawahi kutumia mkono wa kushoto, na mama akaanza kukata. Kukata na kukaanga kulichukua karibu saa nzima. Wakati huo wote alimgombeza: mafuta mengi, moto mkali, unamwaga chini, nani atafagia? Chakula kilipoiva alikula sahani yote, akaomba na kilichobaki kwenye karai. Akasema ni kitamu, ila ni chakula cha watu wenye haraka.

Nikarudi kazini moyo umetulia. Baba alinipigia simu kuniambia kwamba wanapika kila asubuhi, na kwamba mama ameanza kunenepa mashavu.

Miezi minne baadaye nilifika nyumbani Jumamosi bila kuwaarifu. Niliwasikia wakicheka kabla sijafika mlangoni. Mama alikuwa amejikata mkono wa kulia, ule uliokufa, uliokuwa umelazwa juu ya ubao, na kwa kuwa haukuwa na hisia hakujua. Kabichi ilikuwa nyekundu. Yeye na baba walikuwa wanacheka kwamba leo yakisoba ina nyama ya aina mpya. Mimi sikucheka. Nilifunga kidonda, nikampima presha, ikawa juu kupita kiasi. Nikaichukua chupa ya sosi, nikaonja. Chumvi tupu.

Nilipiga kelele, ndani ya jiko la mama yangu, kama ninavyowapigia wagonjwa wasiokunywa dawa. Nilimwaga sosi nje. Kisu nilikiweka juu ya kabati. Nilisema yakisoba imekwisha katika nyumba hii, na nikapatana na jirani, mjane wa kanisani, awe anawaletea uji na mboga za kuchemsha.

"Sawa, daktari," baba alisema. Aliniita hivyo siku zote, ingawa mimi si daktari.  Mama alikuwa anaangalia bandeji.

Presha ikashuka. Nilituma picha ya kipimo kwenye grupu ya familia, ndugu zangu wakanisifu, nikajiona mtu wa maana. Mama alikula alichopewa bila ubishi, na mimi niliyemjua ningepaswa kushtuka kwa hilo peke yake. Hakutaka tena kubebwa kwenda jikoni. Akawa anakula nusu, kisha robo. Alifariki asubuhi moja usingizini, kabla jirani hajaleta uji. Waliompima walisema ni moyo.

Najua chumvi inafanya nini kwa mtu wa kiharusi. Nimewafundisha wengi, na kesho nitawafundisha tena. Sisemi yakisoba ingemponya. Lakini hakuna siku ambayo sijaifikiria chupa ile.

Baada ya mazishi, jamaa walipoondoka, nilibaki na baba. Tulikuwa tunakunywa chai asubuhi, nikamuuliza mama alikuwa anasema nini siku zake za mwisho.

"Si mengi," alisema. "Akiamka alikuwa ananiuliza, leo tunapika? Mimi namwambia, bado hajaturuhusu. Yeye anasema, basi tungoje."

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

Nilikiweka kikombe chini. Nilimuuliza kwa nini hawakunipigia simu. Ningewaambia waweke sosi kidogo tu. Ningewatafutia kisu butu. Nilikuwa napaza sauti tena, na safari hii hakukuwa na wa kulaumu.

Baba alinitazama kwa mshangao. Hakuwa na kinyongo chochote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Lakini mwiitu wakwa, binti yangu, wewe ndiye ulikataza," alisema. "Tukaona siku ukikuja utaturuhusu wewe mwenyewe."

Na nilikuwa nimekwenda, mara tatu. Kila mara nilimpima mama presha, nikafurahi, nikarudi kazini.